Mistari Mitatu ya Chiriku

Binti yake alikuwa anaondoka Ijumaa saa tatu asubuhi, na habari hiyo mama aliipata kwenye simu kutoka kwa mdogo wake, kama mtu anavyopata habari kwamba mvua imenyesha mtaa wa pili. Mkataba wa miaka mitatu, nchi ya mbali, kampuni inayotengeneza mitambo ya meli. Hakuambiwa aje kuaga. Wala hakuambiwa asije. Ilikuwa Jumatano. Alikuwa na siku mbili za kutafuta neno la kumrudisha, naye maisha yake yote alikuwa na maneno mengi ya kazi na machache sana ya aina nyingine.

Basi akafanya alilolijua. Alikwenda kazini.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vigae. Watu sita, meza mbili ndefu, ubao mweupe ambao haukubali tena kufutika, na rafu iliyojaa visanduku vya chuma vyenye ukubwa wa tofali. Kisanduku kama hicho kinafungwa mlangoni pa chumba cha baridi, kinasoma vipimajoto vilivyomo ndani, na joto likipanda kinapiga kengele. Hakina maajabu. Ila ndani yake mna mfumo endeshi mdogo, na kiini cha mfumo huo alikiandika mama mwenyewe miaka kumi na minne iliyopita, wakati Bosi alikuwa bado anauza betri.

Pale walimwita Mama Kanuni, na hakukasirika, maana kanuni kweli zilikuwa zake. Ya kwanza ilikuwa imeandikwa juu ya ubao kwa kalamu isiyofutika: anayekagua haandiki. Maana yake, msimbo wa mwenzako, yaani maagizo aliyoiandikia kompyuta, ukiletwa kwako uukague, unasoma, unauliza, unaukataa ukitaka, lakini huugusi. Ukiona kosa unaurudisha kwa mwenyewe akarekebishe kwa mkono wake. Kanuni hiyo iliwaokoa mara nyingi. Kijana mmoja wa zamani aliwahi kuivunja, na Mama Kanuni alimsema mpaka akaenda kunywa maji.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kung'oa ramani ya Chiriku. Bosi alikuwa ameamuru itolewe yote, mfumo urudi kwenye njia ya zamani, na nani wa kuing'oa kama si yeye aliyesimama mbele za watu akasema ni mbovu?

Chiriku ndiye binti yake. Jina hilo alipewa akiwa na miaka miwili, kwa sababu alikuwa anaongea na masufuria. Alikua anaongea, akasoma anaongea, na miaka minne iliyopita Bosi alipomwajiri, mama mtu alipinga. Alisema watu watadai kaleta wa kwake. Bosi akamjibu kwamba wa kwake huyo ameshinda wote kwenye mtihani, sasa anataka aajiriwe aliyeshindwa ili apate usingizi? Ikabidi akubali. Tangu siku hiyo ofisini hakumwita mwanangu hata mara moja. Alimwita wewe, na Chiriku akamwita mama kama kila mtu alivyomwita mama, kwa hiyo hakuna aliyepungukiwa na kitu, au ndivyo alivyodhani.

Wazo la ramani Chiriku alilitoa nyumbani, mwaka uliopita, siku waliyoshinda wakimsubiri fundi bomba ambaye tangu asubuhi alikuwa anasema yuko njiani. Kila kipimajoto kina biti yake moja kwenye mfumo: ikiwa moja, kila kitu kiko salama, ikiwa sifuri, kuna tatizo. Biti hizo zikipangwa mstari ndiyo ramani yenyewe. Chiriku akasema wateja wao wengi wana vipimajoto kumi, ishirini, wakizidi sana arobaini. Ramani ya biti arobaini ni kitu kidogo kuliko shati. Lakini kila mara mfumo unakwenda kupiga hodi kwenye kumbukumbu ya kisanduku, unaomba nafasi, unapewa, unaiweka ramani huko, halafu unarudi na anwani ya huko.

"Na anwani yenyewe ina biti sitini na nne," alisema. "Yaani mama, tunatumia karatasi kubwa kuandika mahali palipo karatasi ndogo. Mtu mwenye shati moja hapangi chumba cha kuliwekea. Analitia kwenye mkoba anatembea nalo."

Mama akauliza, na mwenye mashati mengi? Chiriku akajibu kwamba vipimajoto vikizidi sitini na nne, hapo sawa, mfumo upange chumba kama zamani na kwenye mkoba uweke ufunguo. Mkoba ni uleule, nafasi ni ileile. Idadi ya vipimajoto ndiyo itakayosema kama ndani mna shati au mna ufunguo. Mama akauliza maswali mengine tisa. Yote yakajibiwa. La kumi alilitunga kwa nguvu tu, likajibiwa nalo. Fundi bomba alipofika aliwakuta wamekaa sakafuni, wamechora mikoba kwenye nyuma ya bahasha, maji yamefika mlangoni.

Usiku ule alimpigia mdogo wake simu akamsimulia nusu saa kitu ambacho mdogo wake hakukielewa hata neno moja. Lakini Chiriku mwenyewe alimwambia hivi: lina mashimo, lifanyie kazi.

Chiriku akalifanyia kazi miezi miwili. Vile visanduku vya zamani, vyenye kumbukumbu finyu, vilikuwa vikizidiwa vinanyimwa nafasi na kujizima. Ramani mpya ilipoingia, malalamiko hayo yalikatika kama bomba lililofungwa. Nusu mwaka simu ya malalamiko haikulia. Bosi akaanza kusema "teknolojia yetu" kwa wateja.

Halafu akaja mkulima wa maua. Huyu alikuwa na vyumba vitatu vikubwa na vipimajoto sabini na viwili, mteja wao wa kwanza kuvuka sitini na nne tangu ramani mpya iingie. Kisanduku kilifungwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi kilituma taarifa yake ya kila siku vizuri kabisa. Jumamosi mchana mota ya kupoza ikasimama, na kisanduku kikaendelea kusema kila kitu salama. Jumapili walipofungua milango, harufu iliwatangulia. Maua ya mavuno mazima yalikuwa yameiva kama mboga.

Jumatatu Bosi akaita kikao. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mama alijua watu wanamtazama. Alijua kila mmoja mezani pale anangoja kuona kama atamfunika binti yake. Aliamua kwamba hatawapa nafasi hiyo, na alipoamua, akaamua kwa nguvu zake zote, kama anavyofanya kila kitu. Alisimama akasema kosa liko kwenye ramani mpya. Akasema aliyeibuni alitaka kuonyesha akili kuliko kufanya kazi. Akasema tangu mwanzo alionya kwamba ina mashimo. Akasema kama ni mfanyakazi mwingine angeshauri asimamishwe, na hakuona sababu ya huyu kupewa upendeleo. Kila sentensi ilipotoka alihisi watu wanampa heshima, na heshima ile ilikuwa na utamu wake, ikamvuta mpaka sentensi nyingine.

Chiriku alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alingoja mpaka mwisho, yeye ambaye hakuwahi kungoja mtu amalize. Kisha akauliza swali moja.

"Mama, uliangalia mstari wa kunakili?"

"Hapa mimi si mama yako," alisema. "Na msimbo wako sihitaji kuufundishwa na wewe."

Bosi alizungusha kikombe chake mezani. Chiriku akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Jumatano ya wiki ile alileta barua ya kuacha kazi. Alhamisi mama aliporudi nyumbani alikuta kabati la binti yake liko wazi na tupu, na mashuka yamefuliwa. Alikuwa amehamia kwa mama mdogo. Mama akamwambia mdogo wake kwenye simu, atarudi akiona njaa. Mdogo wake akajibu, dada, huku kwangu chakula kipo.

Sasa wiki nyingine ilikuwa imefika katikati, na Mama Kanuni alikuwa anang'oa. Alianzia chini akipanda juu, kama mtu anavyobomoa ukuta wa mtu aliyejenga vizuri: pole pole, kwa sababu kila tofali limeshikana na jingine. Msimbo ulikuwa msafi. Alikuwa hajausoma wote tangu siku aliyoukagua, na sasa alipousoma kwa nia ya kuutupa, akaona ulivyokuwa msafi, akachukia.

Kabla ya saa tano akafika kwenye kunakili. Taarifa ya asubuhi inapotengenezwa, mfumo unachukua nakala ya ramani, unaisoma, halafu unaitupa nakala. Mstari wa kuchukua nakala ulikuwa mmoja tu: mkoba huu uwe sawa na mkoba ule. Basi.

Akauona mara moja. Mtu yeyote wa kazi hiyo angeuona. Ukinakili mkoba wenye shati ndani yake, unapata mashati mawili, hakuna tatizo. Ukinakili mkoba wenye ufunguo, hupati vyumba viwili. Unapata funguo mbili za chumba kimoja. Taarifa ikiisha, mwenye ufunguo wa pili anarudisha chumba, kinapewa mpangaji mwingine, na mwenye chumba anaendelea kuingia na kutoka akisoma vitu vya watu akidhani ni vyake. Hivyo ndivyo kisanduku cha maua kilivyosoma takataka na kuita takataka hizo salama. Vipimajoto sitini na nne, kicheko. Sitini na tano, kilio.

"Huyu mtoto," alisema kwa sauti. Alihisi kitu karibu na raha. Alikuwa amesema kweli kikaoni. Kosa lilikuwa hili hapa, la mwanafunzi. Akafungua historia ya mstari, apate siku na saa Chiriku alipouandika, ili mtu akiwa na mashaka awe na ushahidi wa kumwonyesha.

Jina lililotokea lilikuwa lake.

Alilisoma tena. Jina lake, siku ya Jumamosi, na maelezo aliyoyaandika kwa vidole vyake mwenyewe: usafishaji mdogo. Juu ya mstari wake, kwa rangi nyekundu ya vitu vilivyofutwa, ilikuwepo mistari mitatu ya Chiriku. Ukubwa ukizidi sitini na nne, panga chumba kipya. Hamishia vitu vyote humo. La sivyo, nakili mkoba ulivyo. Na pembeni, maandishi madogo: tafadhali usifupishe hapa.

Akakumbuka, na kukumbuka kwenyewe hakukuwa na haraka, kulikuja kama maji chini ya mlango. Ilikuwa Jumamosi, alikuwa na safari ya sokoni. Msimbo wa Chiriku ulikuwa umeshapita majaribio yote, ulikuwa unangoja jicho lake tu. Alipofika pale akaona mistari mitatu mahali pa mmoja, akawaza watoto wa siku hizi wanavyopenda kuzunguka mbuyu. Akaifupisha. Akajaribu kwenye kisanduku cha mezani chenye vipimajoto ishirini na vinne, kikapita. Majaribio kamili yanachukua mchana mzima, hakuyarudia. Akafunga kompyuta akaenda kununua vitunguu.

Kama msimbo ule ungekuwa wa mwingine yeyote, angeurudisha. Angeandika swali pembeni, na mwenyewe angemjibu, na kosa lingefia hapo. Lakini ulikuwa wa Chiriku. Aliunyoosha kama alivyokuwa akimnyoosha kola asubuhi mtoto ameshika mkoba wa shule, bila kumwambia, bila hata kujua kwamba mkono wake umekwenda.

Miwani, mjaribu wao, kijana mpole mwenye vioo vinene, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha chai. Alikuwa ameona kilichokuwa kwenye skrini. Hakushangaa, na hilo mama aliliona.

"Ulikuwa unajua," akamwambia.

Miwani akakiri kwamba alijua tangu Jumatatu ile ya kikao. Chiriku alikuwa amemwonyesha. Alitaka kusema, akakatazwa.

"Alisema nikuache uangalie mwenyewe," Miwani alisema. "Alisema ukiambiwa utabisha, lakini ukiangalia huwezi kusema uongo. Alikuwa anangoja, mama. Kila siku jioni alinipigia kuuliza kama umeangalia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka juzi. Juzi hakupiga."

Mama hakulia ofisini. Hakuwa mtu wa hivyo. Aliita wenzake wote kwenye ubao, Bosi akiwa bado na simu sikioni, akawaonyesha mstari, jina, tarehe. Akasema kosa la maua ni lake peke yake, ramani ni nzima, aliyeibuni alifanya kila kitu kama inavyotakiwa na hata aliandika onyo. Akasema alivunja kanuni ya kwanza, kanuni yake mwenyewe, halafu akamtukana mwenye haki mbele yao, na ndiyo maana anayasema haya mbele yao.

"Nyani haoni kundule," alisema. "Mimi nimeonyeshwa langu kwa kioo."

Wawili walicheka kidogo kwa sababu hawakujua la kufanya. Bosi alifunga simu. Mama alikuwa amejiandaa kufukuzwa, na angalau kufukuzwa kungekuwa kitu. Lakini Bosi aliuliza tu, kwa hiyo ramani ibaki? Akajibiwa ibaki. Bosi akasema vizuri, basi mkulima atapigiwa na yeye mwenyewe, na kukosea ni kwa kila mtu, Mama Kanuni, umefanya kazi miaka kumi na minne. Akarudi kwenye simu yake. Imekwisha. Dakika nne kwa saa ya ukutani. Msamaha wa yule asiyeumia huja haraka.

Alhamisi mchana alikwenda kwa mdogo wake. Hakupiga simu kwanza, aliogopa kuambiwa asije. Mama mdogo alimfungulia geti, akamtazama usoni, akasema yuko chumbani na mizigo yake, nami nina nguo za kuanua. Akaenda nyuma ya nyumba ambako hapakuwa na nguo hata moja kwenye kamba.

Chiriku alikuwa amesimama juu ya mizani ya bafuni, amekumbatia sanduku la nguo, anajaribu kusoma namba asiyoiona kwa sababu sanduku limeiziba.

"Themanini na tatu," mama akamsomea.

"Toa sitini na moja."

"Ishirini na mbili. Umekonda."

"Asante kwa kusoma." Akashuka, akaliweka sanduku kitandani. Mama akaona mkanda wa sanduku umepindika, mkono wake ukaenda kuunyoosha. Chiriku akautazama ule mkono. Mama akaurudisha, akaushika kwa mwingine.

"Nimeuona ule mstari," alisema.

"Sawa."

"Ni wangu."

"Najua, mama."

"Nimewaambia wote jana. Mbele ya ubao. Bosi anataka urudi." Hilo la mwisho halikuwa kweli. Bosi hakulisema, ingawa angelisema kama angeombwa. Aliona Chiriku ameligundua na ameliacha lipite.

"Ulijua tangu lini?" mama akauliza.

"Tangu asubuhi ile. Nilifika saa moja, kabla yenu. Nilipoona jina lako nilifurahi, unajua? Nikasema ah, ni mama, tutalimaliza wenyewe kwa wenyewe. Nikakaa nikakusubiri uje nikuambie kabla ya kikao. Ukapita hukunisalimu."

Alikumbuka. Alikuwa amepita makusudi, ili wasionekane wamepanga.

"Na kikaoni ukanyamaza."

"Sikunyamaza. Nilikuuliza." Chiriku alikuwa anakunja soksi, moja ndani ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa. "Siku uliyonifutia mistari yangu ulikuwa mama. Hukuniuliza, maana ni ya mwanao, unaipitisha mkono tu. Siku niliyowekwa mbele za watu ukawa mkaguzi. Mimi sijui nikupate siku ipi."

Mama alitaka kusema kwamba alifanya vile kwa ajili yake, ili asisemwe kwamba anabebwa. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Akaiangalia kama alivyouangalia ule mstari, akaona ilikuwa ya uongo nusu, na nusu ya kweli haitoshi kubeba kitu. Akaiacha.

"Nisamehe," alisema. Hakuwahi kumwambia neno hilo, na lilitoka kama agizo.

"Nimekusamehe."

"Basi usiende."

Chiriku aliacha soksi. Akaketi kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu mama aingie, uso wake ukalegea, akafanana na yule wa kuongea na masufuria.

"Kosa halikunifukuza, mama. Makosa tunafanya sote, mimi mwaka juzi nilizima visanduku vya watu kumi na moja kwa herufi moja, ukakaa nami mpaka tukavirudisha. Kilichonifukuza ni kwamba ningekuwa Miwani, au yeyote pale, ungeangalia historia kwanza kabla ya kusema. Wewe hujawahi kumsema mtu bila kuangalia. Watu wote unawaangalia. Mimi tu hukuniangalia."

Mama alitafuta jibu kwa bidii, yeye aliyezoea kwamba kila hitilafu, ukiikalia muda wa kutosha, ina mstari wake na rekebisho lake. Nje mama mdogo alikuwa anafagia mahali palipofagiwa.

Chiriku akainuka, akachukua mezani kifaa kidogo cha kuhifadhia kazi za kompyuta, akampa. Rekebisho limo, alisema. Aliliandika siku ile ile ya kikao, alipotoka, hapo kwenye ngazi za duka la vigae. Alilijaribu kwa sitini na nne, sitini na tano na mia mbili. Na kuna jambo jingine ameongeza: sasa mtu akijaribu kunakili mkoba kwa mstari mmoja, mfumo utakataa kabisa kutengenezwa, utampa ujumbe.

"Ili mtu asifanye tena bila kujua," alisema. Hakusema kwa ukali.

"Nitaliweka kwa jina lako."

"Weka kwa lolote."

Mama alikitia kile kifaa kwenye mfuko wa gauni. Akauliza basi linaondoka stendi ipi, ile ya zamani au mpya. Chiriku akasema si basi, gari litamfuata hapa getini limpeleke uwanja wa ndege, na akaongeza, kwa upole uliomkata kuliko ukali wowote, kwamba asije.

"Kwa nini nisije?"

"Utaanza kunifunga vifungo. Na mimi nitalia, na sitaki kupanda ndege nikilia, jirani yangu kwenye kiti ataniuliza mimi nimefiwa na nani."

Wakacheka, wote wawili, kicheko kimoja kifupi, na kwa muda wa kicheko hicho mama alidhani mambo yamekwisha. Kisha Chiriku akamkumbatia. Alimkumbatia vizuri, kwa muda mrefu, kama anavyokumbatiwa mtu anayeachwa. Mama akajua hapo, mikono ya mtoto ikiwa bado mgongoni mwake, kwamba amesamehewa kweli na kwamba hakuna kitakachobadilika.

Ijumaa alitii. Saa tatu alikuwa ofisini, anapeleka rekebisho kwa Miwani alikague, na Miwani alilisoma mstari kwa mstari bila kugusa. Saa nne akaomba ruhusa, akaenda kwa mdogo wake, kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na mtu na hapa angalau palikuwa na mtu aliyemwona.

Mama mdogo alikuwa anavua kitanda cha wageni. Alimpa ncha mbili za shuka bila kumwambia neno, akashika mbili mwenyewe, wakaanza kulikunja.

"Alikula?" mama akauliza.

"Alikula kidogo. Gari lilikuja mapema."

Wakasogea, wakakutanisha ncha, wakaachana tena. Mama mdogo akasema kwamba njiani kuelekea getini Chiriku hakuongea, alikuwa anaangalia chini tu. Ila alipokwisha kuingia garini alishusha kioo.

"Akaniuliza, mama mdogo, sasa msimbo wa mama atausoma nani?"

Shuka lilikuwa limebaki mkunjo mmoja.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mimi mambo yenu hayo siyajui." Mama mdogo alinyoosha mkono kupokea ncha za dada yake. "Lete basi, dada. Lete nimalizie."

Lakini dada yake hakuzileta. Alikuwa amezishika kifuani kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa inatembea kama ya mtu anayehesabu, na mdogo wake akangoja, ameshika upande wake wa shuka, hajui kama aachie au avute.